Presha, sukari, figo: mashirika matatu, meza moja Kibuye

Mratibu_Nyalenda: Habari wadau. Tuko mashirika madogo matatu hapa Kisumu: la sukari, la presha na la figo. Kila moja hupima watu kivyake soko la Kibuye, kwa hiyo mama mmoja anapimwa mara tatu na kupewa ushauri tofauti. Tunataka kuungana. Tuanzie wapi?

Muuguzi_Kondele: Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu, mashine baadaye. Ulizeni kliniki ya presha na sukari ni siku gani, nani atapokea rufaa, dawa zipo au hazipo. Kumwambia mtu ana 170/100 kisha mkafunga hema mkaenda ni kumtwisha hofu bure. Washirikisheni wahamasishaji wa afya ya jamii tangu mwanzo, maana ndio watakaobisha hodi kwake asipofika kliniki.

Kwenye kupima, kosa kubwa la sokoni ni haraka. Mtu ametua mzigo sasa hivi, presha yake iko juu kwa sababu hiyo tu. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, kimya. Pimeni mara 2 mkipisha dakika 1. Muwe na mikanda miwili ya kufunga mkononi, wa mkono wenye mzunguko wa sm 22–32 na wa sm 32–42; mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Akiwa na 140/90 au zaidi, arudiwe siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Ikifika 180/120 na kifua kinauma au macho yana ukungu, hospitali saa hiyo hiyo.

Maabara_Nakuru: Kwa sukari, maji na sabuni kwanza, vidole vikauke. Aliyekuwa akimenya maembe atasoma juu kwa sababu ya utamu ulio kidoleni. Vijiti vya kupimia visiachwe kwenye gari juani: vingi havitakiwi kupita nyuzi 30, na Kisumu mnalijua joto lenu. Kikopo kifungwe kila mnapotoa kijiti.

Daftari_Moja: Ushirikiano huvunjikia kwenye hesabu. Watu 200 wale wale wakiripotiwa na mashirika matatu, mfadhili anasoma 600. Mpeni kila mtu namba moja, daftari liwe moja, na mwandike mapema nani anaripoti nini. Ombeni idhini yake kabla ya kugawana taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda za afya kwa namna ya pekee.

Mratibu_Nyalenda: Asanteni sana. Na ushauri wa pamoja, tuseme nini?

Muuguzi_Kondele: Chumvi iwe ya kwanza, maana presha na sukari zote huharibu figo, na presha ndiyo chumvi huigusa moja kwa moja. Mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyo kwenye mkate na viungo vya paketi. Semeni kwa lugha ya jikoni: nyumba ya watu wazima watano, paketi ya nusu kilo ikiisha kabla ya siku 20, chumvi imezidi.