Kufanyia kazi nyumbani: nani mwenzangu yamemkuta? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu. Nilipoambiwa nifanyie kazi nyumbani nilishangilia: hakuna tena kugombania daladala Mbagala alfajiri. Mwezi wa pili nikagundua mtaa mzima unajua sina kazi. Mama mkwe alikuja kutusalimia, siku ya tatu akamvuta mke wangu pembeni: "Mwanangu, huyu mwenzio kazi aliacha lini?" Tangu hapo gesi ikiisha ni mimi, fundi bomba akija ni mimi. "Si upo tu?" Hilo "upo tu" linanikera kuliko foleni. Leteni yenu.

Mdau, Tabata: Jirani yangu anachomelea mageti. Akiwasha grainda, kikao kizima kinanyamaza. Bosi aliniuliza mbele ya wateja kama nipo gereji. Siku hizi najua ratiba yake, saa saba anakula, kwa hiyo vikao vyangu vyote navipanga saa saba.

Dada, Sinza: Mimi ni hela jamani. Ofisini kulikuwa na chai na maandazi, kiyoyozi, jenereta. Nikajidanganya naokoa nauli, 1,200 kwa siku, kumbe bando peke yake linaimeza na umeme wa LUKU bado. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulinihamishia mgahawani. Juisi moja kuanzia saa tatu mpaka saa tisa, mhudumu anakuja kufuta meza ambayo haina hata tone. Mara ya nne nikaagiza chipsi kwa aibu.

Mdau, Rongai: Huku kwetu Kenya ni stima pia. Na Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, ofisini walikuwa na laini ya akiba, mimi nilibaki nikitazama kiduara kikizunguka.

Mdau, Arusha: Mnacheka, mimi imenigharimu cheo. Nafasi ya usimamizi ilijadiliwa kwenye chai ya saa nne, ofisini. Niliijua nilipoona barua pepe ya kumpongeza mwenzangu. Nikajibu "hongera sana", nikafunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo.

Mleta mada: Pole sana mkuu wa Arusha, hiyo inauma. Wa Tabata, saa saba mimi namfuata mtoto chekechea, si nipo tu? Mama mkwe anarudi Jumamosi. Jumatatu navaa shati na tai, naaga, natoka getini na begi, nazunguka msikiti, naingia kwa mlango wa uani.