Laapataa Ladies: ilitengenezwaje, na wahakiki waliipokeaje?

Binti Ilala:
Wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Hapa Dar es Salaam tumezoea filamu za Kihindi zenye shujaa wa kiume, lakini hii ya mabibi harusi wawili wanaobadilishwa kwenye treni kwa sababu ya ushungi uliowafunika nyuso imenigusa sana. Naomba kufahamu chimbuko lake.

Mzee wa Upanga:
Marahaba, mwanangu. Hadithi ni ya Biplab Goswami. Mwigizaji Aamir Khan aliikuta alipokuwa mwamuzi wa shindano la miswada ya filamu, akamkabidhi Kiran Rao aiongoze. Uamuzi ninaouheshimu zaidi ni kuwapa Nitanshi Goel na Pratibha Ranta, wasichana wasiokuwa na majina makubwa, nafasi za mbele, kwani nyota maarufu angeyavuta macho yote kwake na kuuondoa ukweli wa kijijini. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2023, ikaingia kumbini India Machi 2024.

Mama Kigamboni:
Nakubaliana nawe, kaka. Wahakiki wengi waliisifu kwa kuukemea mfumo dume kwa ucheshi wa upole, na India ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar, ingawa wapo waliodai kwamba filamu nyingine ya India, *All We Imagine as Light*, ndiyo iliyostahili. Kwangu mimi, roho ya filamu ni Manju Mai, mwanamke wa kibanda cha chai pale stesheni, anayemfundisha Phool, mmoja wa mabibi harusi hao, kula jasho lake mwenyewe. Kasoro ninayoiona ni kwamba ukombozi wa Jaya, bibi harusi wa pili, unategemea mno huruma ya ghafla ya polisi aliyezoea rushwa.