Mjadala: Je, Papa Gregori ndiye aliyetunga nyimbo za Kigregoriani?

Wanakwaya wenzangu, kila tukigusa nyimbo za Kigregoriani, yaani zile nyimbo za kale za Kilatini za Kanisa, huzuka hoja hii: Papa Gregori Mkuu alizipokea kwa Roho Mtakatifu, njiwa akimnong'oneza sikioni, kwa hiyo ni zilezile tangu mwanzo na muziki mwingine wote ni wa kuvumiliwa tu. Naikataa, na naikataa kwa sababu nazipenda mno nyimbo hizi.

Gregori alikuwa papa kuanzia 590 hadi 604. Alama za kwanza za kuimbia tulizo nazo ni za miaka ya 800, tena zimetoka kwa Wafranki, watu wa ng'ambo ya milima ya Alps. Mwaka 754 Papa Stefano wa Pili alikuwa kwa mfalme wao Pippin akiomba msaada dhidi ya Walombardi, watawala wa sehemu kubwa ya Italia. Wafranki wakaanza kuacha uimbaji wao na kushika wa Roma. Mwaka 789 Charlemagne, mwana wa Pippin, akawaagiza makasisi wote waujifunze. Lakini walijifunza kwa sikio, na anayejifunza wimbo kwa sikio huuimba kwa lafudhi ya kwao. Ndiyo maana vitabu vya nyimbo vya Roma kwenyewe vyenye alama, cha zamani zaidi kikiwa cha 1071, vina maneno yaleyale ila melodi zinatofautiana na za Wafranki, ambazo ndizo tunazoziita za Kigregoriani.

Tazameni hati namba 359 ya monasteri ya St. Gallen, Uswisi, ya miaka ya 920 hivi. Haina mistari ya nota. Juu ya maneno kuna vialama vya wino vinavyopinda, na herufi ndogo pembeni: c, harakisha, t, shikilia. Unaambiwa sauti ipande, huambiwi ipande kiasi gani. Mwimbaji alikuwa nao wimbo kichwani tayari. Mistari ilienea baada ya Guido wa Arezzo, mtawa na mwalimu wa uimbaji wa Italia, kwenye 1030 hivi, aliyeandika kwamba kazi ya miaka kumi ya kumfundisha mwimbaji yeye huimaliza kwa mmoja au miwili.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1963 kuhusu liturujia, uliupa uimbaji huu nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi. Hati hiyohiyo inataka muziki wa asili wa nchi za misioni uheshimiwe. Anayesoma kifungu kimoja na kuruka kingine, awe wa upande wowote, anatupotosha. Hata Kigregoriani kilizaliwa pale watu walipopokea wimbo wa wenzao wakauimba kwa koo zao.

Mwenye hati ya nota ya zama za Gregori mwenyewe ailete hapa, tuisome pamoja.