Tupeane uzoefu: kiungo kijana hadi kitambaa cha unahodha wa timu ya taifa, tumpime kwa Wanyama

Wakuu, Victor Wanyama, kiungo mkabaji wa Kenya, aliitwa Harambee Stars (timu ya taifa) 2007 akiwa na miaka 15, na 2013 akakabidhiwa unahodha. Sifa za "kipaji na nidhamu" tunazijua. Leteni vitu vinavyoshikika: ngazi, karatasi, mazoezi, na wapi vijana wanakwama.

*

Ngazi kwanza. Kutoka Nairobi alipitia Helsingborg ya Sweden, akaenda Beerschot ya Ubelgiji 2008, Celtic 2011, Southampton 2013. Ubelgiji alikaa miaka mitatu. Watu huruka hapo wakakimbilia lile bao lake la kichwa akiwa Celtic dhidi ya Barcelona, kona ya mwenzake Mulgrew, Novemba 2012. Kwangu Beerschot ndiyo iliyomtengeneza. Kiungo mkabaji hakomai benchi, hata benchi hilo likiwa la timu kubwa. Kabla ya kusaini, uliza kocha ana viungo wangapi wa namba sita (wakabaji) na mikataba yao inaisha lini.

*

Karatasi nazo zinaua ndoto. McDonald Mariga, kaka yake Wanyama, Januari 2010 alikuwa anaelekea Manchester City, akanyimwa kibali cha kazi. Uingereza wakati ule walitaka taifa lako liwe ndani ya 70 bora za FIFA na wewe uwe umecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu ya taifa kwa miaka miwili. Kenya ilikuwa chini ya hapo. Akaenda Inter ya Italia, basi mambo hayakuharibika sana. Tangu 2021 kibali ni kwa pointi, unatakiwa kufikisha 15, na zinatokana na timu ya taifa, ligi unayotoka na dakika ulizocheza. Kwa hiyo kijana anayekwepa mechi za kufuzu akidai "mafua" anajikata pointi mwenyewe.

*

Naongezea ya uwanjani. Namba sita anayepokea mpira akiwa ameligeuzia mgongo goli la wapinzani amejifunga: hana pasi ila ya kurudi nyuma. Zoezi: chora mraba wa mita 12 kwa 12, wanne pembeni, mmoja kati, wakabaji wawili. Wa kati aangalie begani mara mbili kabla mpira haujamfika, asimame ubavu, apokee kwa mguu wa mbali. Dakika 3, pumzika 1, rudia mara 5. Likianza kulegea, kosa huwa ni lile lile, macho yamegandia mpira.

Kukaba pia. Wanyama, akiwa Southampton, alikula kadi nyekundu kwa Norwich Januari 2016, Februari akala nyingine kwa kumrukia Payet wa West Ham. Mkabaji mwenye nguvu akichelewa hatua moja hujitupa. Tiba yake ni kusogea mapema wakati pasi ingali njiani, maana ukishachelewa huna cha kufanya ila kumsindikiza.

*

Viongozi wa akademi, hii ni yenu. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa 12 hadi 15, asilimia 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Usajili wa Wanyama kwenda Southampton uliripotiwa kuwa pauni milioni 12.5. Piga hesabu: mwaka mmoja wa umri wa miaka 14 ni pauni 31,250, wa miaka 17 ni 62,500. Tatizo letu ni kwamba kijana anachezea timu ya mtaa isiyosajiliwa na shirikisho, au fomu zake zina tarehe mbili za kuzaliwa. Hapo hulipwi. Na madai yakipita miaka miwili FIFA hawayasikilizi.

*

Mkuu hapo juu kamaliza. Mimi nitaje unahodha tu: kazi yake kubwa iko nje ya uwanja. Posho ikichelewa, wenzako wanakutuma wewe. Nenda na madai yaliyoandikwa, kiasi na tarehe, uyapeleke kabla ya kambi kuanza. Yakianzia hotelini usiku wa kuamkia mechi, hayo ni mgomo tayari.