Uchumi wa Kirgizia unategemea nini?

Swali (Mwalimu wa Jiografia):
Ndugu zangu, katika mada ya nchi zilizopata uhuru baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, wanafunzi wangu wameniuliza kuhusu Kirgizia. Ramani inaonyesha milima mitupu, bahari haipo, na utajiri mkubwa wa mafuta na gesi uko kwa majirani. Naomba mwenye ufahamu anieleze sura ya nchi, watu wake, na hasa namna uchumi wake unavyojiendesha, maana vitabu tulivyo navyo vinaishia kwenye ukubwa wa eneo na jina la mji mkuu, Bishkek.

Jibu (Msoma Ramani):
Mwalimu, anzia kwenye milima hiyohiyo. Nchi ina kilomita za mraba zipatazo 200,000, na sehemu kubwa ni safu za Tian Shan, ambazo kilele chake kirefu kuliko vyote, mpakani na China, kina mita 7,439. Theluji na barafu ya huko hulisha mto Naryn, ambao ukishaungana na Kara Darya katika bonde la Fergana huitwa Syr Darya na kumwagilia mashamba ya Uzbekistan, Tajikistan na Kazakhstan.

Enzi za Wasovyeti, bwawa kubwa la Toktogul lilijengwa kwenye Naryn kwa hesabu iliyopangwa Moscow: wakati wa joto Kirgizia ifungulie maji kwa ajili ya pamba ya majirani, na wakati wa baridi majirani walete makaa ya mawe, gesi na mafuta. Baada ya uhuru nishati hiyo ikawa ya kununuliwa kwa fedha taslimu, lakini maji yakaendelea kuhesabiwa kuwa ya bure. Wakirgizi wakalazimika kufungulia bwawa wakati wa baridi ili wapate umeme wa kupasha joto nyumba zao, hivyo mabonde ya chini yakafurika katika msimu usio wa kilimo na kupungukiwa maji pamba ilipoyahitaji. Kwa maoni yangu, mwanafunzi asiyeuelewa mgogoro huu hawezi kuielewa Asia ya Kati.

Jibu (Mwana wa Biashara):
Nakubaliana na aliyetangulia, ila naomba tusiwasahau watu. Wako takriban milioni 7. Zaidi ya robo tatu ni Wakirgizi, ambao kwa asili ni wafugaji, na hadi leo familia nyingi hupandisha kondoo na farasi kwenye malisho ya juu milimani wakati wa joto. Wauzbeki wanaishi hasa kusini, katika maeneo ya Osh na Jalal-Abad, ambako mapigano ya Juni 2010 kati ya jamii hizo mbili yaliua mamia ya watu. Warusi, waliozidi humusi moja ya wakazi mwaka 1989, wengi wamehama, ingawa Kirusi bado ni lugha rasmi pamoja na Kikirgizi.

Mwalimu, jibu la swali lako la uchumi liko kwa vijana waliokwenda kufanya kazi Urusi. Katika miaka kadhaa fedha wanazotuma nyumbani zimezidi robo ya pato la taifa, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya nchi ijiunge mwaka 2015 na Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, ambao Urusi ni mwanachama, kwa kuwa uanachama uliwarahisishia kupata kazi kihalali. Kuna pia soko la Dordoi pembezoni mwa Bishkek, lililojengwa kwa makontena yaliyopandanishwa, ambako bidhaa za China hununuliwa kwa jumla na kupelekwa nchi jirani.

Jibu (Mchimba Kisima):
Dhahabu nayo isiachwe. Mgodi wa Kumtor, ulioko kwenye mwinuko wa mita 4,000 hivi, ulianza uzalishaji mwaka 1997, na peke yake umewahi kuchangia karibu sehemu moja ya kumi ya pato la taifa. Serikali iliuchukua kutoka kwa kampuni ya Kanada mwaka 2021, na makubaliano yakafikiwa mwaka uliofuata. Kinachonisikitisha ni kwamba uchimbaji huo umeondoa barafu ya milimani, ile ile inayolisha Naryn.

Mwalimu wa Jiografia:
Nawashukuru sana. Je, umeme wa Toktogul sasa unawatosha?

Msoma Ramani:
Hautoshi, Mwalimu. Mahitaji yameongezeka, maji bwawani yamepungua, na mwaka 2023 serikali ilitangaza hali ya dharura ya nishati hadi mwisho wa 2026, huku umeme ukiagizwa kutoka nje wakati wa baridi. Tumaini kubwa ni bwawa la Kambarata-1, juu ya Toktogul, ambalo Kirgizia, Kazakhstan na Uzbekistan zimekubaliana kulijenga kwa pamoja.