Henry Shefflin: medali 10, mshahara sifuri. Ni heshima au kunyonywa?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Kuna Waayalandi wawili waliozaliwa Januari 1979, wamepishana siku kumi tu. Brian O'Driscoll alicheza raga, akalipwa mpaka anastaafu 2014. Henry Shefflin wa kaunti ya Kilkenny alicheza harlingi, ule mchezo wa vigongo na kimpira kinachopaa kama risasi. Ubingwa wa Ayalandi mara 10 kati ya 2000 na 2014. Mchezaji bora wa mwaka mara 3. Alipostaafu Machi 2015 alikuwa na magoli 27 na pointi 484 katika mechi za ubingwa, rekodi wakati huo (goli moja ni sawa na pointi tatu). Mshahara? Hana. Mchana benki, jioni mazoezini.

Mimi kinachoniuma ni magoti. Fainali ya 2007 alikuwa nahodha, akafunga goli, kano za goti zikakatika, kipindi cha pili hakurudi. Mwaka 2010 goti tena, nusu fainali. Akalazimisha kuanza fainali, haikufika robo saa akatolewa, na Kilkenny wakalikosa kombe la tano mfululizo mbele ya Tipperary. Croke Park, uwanja wa fainali ulioko Dublin, unaingiza watu 82,300, wanakata tiketi. Muuza vinywaji ana chake, mlinzi ana chake. Wale 30 wenye vigongo ndio wanatoka mikono mitupu.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, harlingi haina soko la usajili. Unachezea kwenu. Klabu ya Shefflin, Ballyhale Shamrocks, ni ya kijiji. Weka mishahara leo uone kama kaunti ndogo kama Kilkenny itabaki na vijana wake mbele ya pesa za Dublin. GAA, chama cha michezo ya jadi ya Ayalandi, kinaendesha michezo hii tangu 1884 kwa kujitolea, na mapato mengi yanarudi vijijini kutunza viwanja vya watoto.

Mchangiaji wa 2: Na hivyo viwanja vinatunzwa kwa magoti ya nani?

Mchangiaji wa 3: Tusiongee kana kwamba hawapati kitu kabisa. Chama cha wachezaji kiliundwa 1999, na 2007 wanachama walipiga kura ya kugoma, ndipo ruzuku ya serikali kwa wachezaji ikaeleweka. Ni ndogo, sawa, lakini ipo. Halafu mleta mada, rekodi ya mabao ya Shefflin ilishavunjwa na Joe Canning wa Galway, 2021.

Mleta mada: Asante kwa Canning, naye hakulipwa. Ruzuku ya serikali ni kodi ya wananchi. Mwenye mlango wa Croke Park ni GAA, na kati ya 2014 na 2022 iliuza mechi hata kwa televisheni ya kulipia ya Sky. Hoja ya Kilkenny kupoteza vijana naikubali, ni nzito. Basi usajili ubaki marufuku, kila mtu achezee kwao, ila malipo yawe sawa kwa kaunti zote kutoka mfuko mmoja. Nani anahama hapo?

Mchangiaji wa 1: Shefflin mwenyewe alirudi Ballyhale kuwa kocha, akawapa ubingwa wa klabu wa Ayalandi 2019 na 2020. Mtu aliyenyonywa anarudi?

Mleta mada: Mwalimu naye anapenda kufundisha, mkuu. Mwisho wa mwezi mnamwambia nini?