Naomba ushauri: mwani mweusi umegoma kutoka kwenye bwawa la nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Nipo Bwiru, Mwanza. Nina bwawa dogo la kuogelea, la vigae, lita kama 40,000. Lilipogeuka kijani nilitia klorini, maji yakatakata. Kinachonitesa sasa ni vidoa vyeusi kwenye maungio ya vigae, upande wenye kivuli cha mwembe. Ukikigusa kinateleza kama kamasi ya kambale. Nikisugua kwa brashi ya plastiki kinatoka juu tu, mzizi unabaki ndani ya saruji, wiki ijayo kimerudi palepale.

Klorini naweka jua likishazama, maana mchana jua huimaliza haraka. Pampu inafanya kazi saa nane kwa siku, umeme ukiwepo. Nimepima pH (kipimo cha uasidi wa maji), imesimama 8, na najua inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.6 ili klorini iwe na nguvu. Hapo nakubali nimezembea, naanza kuishusha kesho.

Maji najazia kwa boza, yanavutwa ziwani. Je, fosfeti ya ziwani ndiyo inayoulisha huu mwani?

Na brashi ya waya, itakwaruza vigae? Jirani kanishauri mrututu, ile chumvi ya shaba. Naogopa, kwa sababu shaba inaua samaki na maji yangu yakimwagwa yanateremka ziwani. Aliyewahi kuumaliza kabisa bila kumwaga maji yote, tafadhali anielekeze. Watoto wananiuliza kila siku wataingia lini.